Tumbaku ya ibada ya Wapueblo: kuotesha, kukausha na kutunza mbegu nyumbani

Tumbaku inayolimwa Urambo, Chunya au Migori na tumbaku ya ibada ya Wapueblo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, ni za ukoo mmoja, ila si mmea uleule. Ile ya mashambani ni Nicotiana tabacum: hupita kimo cha mtu, ina maua ya waridi, na majani yake hayana kikonyo, yamekumbatia shina. Ya Wapueblo ni Nicotiana rustica. Huishia kati ya goti na kifua, maua yake ni mafupi ya manjano yenye ukijani, na jani lake ni nene, linanata mkononi, lina kikonyo kinachoonekana wazi. Nikotini ya tumbaku ya sigara mara nyingi ni asilimia 1 hadi 3 ya uzito wa jani kavu. Rustica huweza kufika 9. Tofauti hiyo ndiyo inayoongoza kila hatua iliyo hapa chini, kuanzia mbolea hadi glavu za kuvunia.

Asili ya rustica ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Ilipanda kaskazini mkono kwa mkono kabla Wazungu hawajafika, ikakaa kwa Wapueblo, wakulima wa mahindi wenye jamii 19 katika jimbo la New Mexico, nyingi zikiwa kando ya mto Rio Grande, pamoja na Wahopi wa Arizona. Majirani wao wanaosema Kihispania huiita punche. Kwa Wapueblo moshi wake huambatana na dua, hasa dua ya mvua, na huvutwa kidogo kwa kiko cha udongo au kwa kusokotwa ndani ya ganda la hindi. Mengi ya ibada hizo hufanyika faraghani na wenyewe hawapendi yatangazwe, kwa hiyo mwongozo huu ni wa bustani tu.

Jambo moja lieleweke mapema: anayezoea tumbaku ya biashara ndiye hukosea zaidi kwenye hii. Huipa mbolea nyingi, maji mengi na nafasi kubwa, akapata majani mapana, mepesi, yasiyo na nguvu na yasiyokauka vizuri. Rustica ya jangwani inataka kushinda na njaa kidogo.

Mbegu

Tafuta mbegu yenye jina la mahali ilikotoka. Native Seeds/SEARCH, hifadhi ya mbegu iliyoanzishwa mwaka 1983 mjini Tucson, Arizona, hutunza mbegu za mazao ya jamii za asili za eneo lile, zikiwemo tumbaku za aina hii. Mbegu iliyoandikwa "tumbaku ya asili" bila kingine chochote inaweza kuwa chochote. Kuwa macho hasa na Nicotiana attenuata, tumbaku-pori ambayo nayo hutumiwa na jamii za kule. Mbegu za attenuata hulala ardhini miaka mingi zikisubiri moto wa nyika, na moshi ndio huziamsha. Ukizipanda bila kuziloweka kwenye maji yaliyopitishwa moshi utakodolea udongo mtupu. Rustica haina mambo hayo. Ikipata joto na mwanga inaota.

Kwa walio Marekani, mtu mzima anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kuotesha kwa matumizi yake mwenyewe. Kuuza ni habari nyingine, yenye leseni na kodi. Kwa walio Tanzania au Kenya, usipokee mbegu kutoka nje kwa bahasha kimyakimya: kuingiza mbegu kunahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, kupitia mamlaka za afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya. Tanzania mkulima wa tumbaku anatakiwa pia kusajiliwa, basi muulize afisa kilimo kabla ya kuotesha hata mche mmoja.

Bustani ya nyumbani haihitaji zaidi ya mimea 6 hadi 10. Miwili kati ya hiyo iwe ya mbegu.

Kitanda na udongo

Chagua mahali penye jua kamili la saa 6 au zaidi, mbali na mahali watoto wanachezea na mifugo inapopita. Pasiwe palipokaa nyanya, viazi mviringo, pilipili au biringanya katika miaka 3 iliyopita. Hizo zote ni familia moja na tumbaku, zinaambukizana magonjwa, na wadudu wake ni walewale.

Vitabu vya kilimo vinataka pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, ya 5.8 hadi 6.5 kwa tumbaku. Udongo wa New Mexico mara nyingi una pH ya 7.5 hadi 8, na rustica imeishi humo karne nyingi. Usihangaike kuushusha. Linalohitajika ni udongo usiotuamisha maji. Mfinyanzi mzito uchanganye na mboji na mchanga mnene, sentimita 25 kwenda chini.

Mbolea: ndoo moja ya lita 10 ya samadi iliyooza kabisa kwa kila mita mraba, ikichanganywa wiki 3 kabla ya kupanda, inatosha kwa msimu mzima. Nitrojeni ikizidi jani hubaki kijani hata linapopaswa kukomaa, na likikaushwa huwa kali kooni. Epuka mbolea za potashi zenye kloridi. Klorini ikiingia kwenye jani haliungui sawasawa, huzimika ovyo. Ukitaka potashi tumia salfeti ya potasiamu, au jivu kidogo la kuni kama udongo wako ni wa tindikali. Kwenye udongo wa chumvi wa jangwani jivu ni la kuachwa.

Hatari isiyoonekana ni samadi ya mifugo iliyolishwa majani makavu yaliyopuliziwa dawa za magugu za aina ya aminopiralidi. Dawa hizo hupita tumboni mwa ng'ombe au farasi zikiwa hai, na familia ya nyanya huziogopa kuliko kitu. Dalili ni majani machanga yanayojikunja kama vikombe na ncha zilizosokotana, na hakuna tiba. Pima kwanza: jaza kopo kwa mchanganyiko wa samadi na udongo, panda maharage 3 au 4, ngoja wiki 3. Maharage yakijikunja, samadi hiyo usiikaribishe bustanini.

Mahali penye mvua chache, jifunze kwa Wazuni, Wapueblo wa magharibi mwa New Mexico. Hugawa bustani kuwa vijishimo vya mraba vilivyozungushiwa kingo za udongo wa kufinyanga, maji yakimiminwa yanabaki palepale kwenye mizizi. Kwa tumbaku fanya miraba ya sentimita 45, sakafu ikiwa chini ya usawa wa bustani kwa sentimita 5 hadi 8, kingo zikiwa na kimo cha sentimita 10, mmea mmoja kila mraba. Mahali penye mvua nyingi fanya kinyume, inua tuta. Kijishimo cha Wazuni kikijaa maji siku 2 mfululizo mizizi inaoza.

Kitalu

Sia wiki 6 hadi 8 kabla ya jalidi ya mwisho. Bonde la Albuquerque, New Mexico, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, jalidi huisha kati ya katikati ya Aprili na mwanzo wa Mei. Ukienda juu zaidi milimani, Santa Fe na Taos, ongeza wiki kadhaa. Kwa hiyo wengi husia Machi. Kusiko na jalidi hesabu kutoka mwisho: mavuno yanatakiwa yaangukie msimu usio na mvua za kila siku, na tangu kusia hadi kuvuna ni takriban miezi 4 hadi 5.

1. Tumia trei pana yenye matundu chini. Ijaze mchanganyiko laini uliochekechwa, sehemu 2 za mboji kwa 1 ya mchanga. Mboji ya kujitengenezea ichome kwanza kwa maji yanayochemka, iache ipoe.
2. Lowesha mchanganyiko kabla ya kusia. Ukimwagilia baadaye kwa nguvu mbegu zote zitakusanyika pembe moja.
3. Changanya kibano cha mbegu na kijiko kimoja cha chai cha mchanga mkavu, nyunyiza juu kwa usawa. Mbegu ya rustica ni kubwa kuliko ya tumbaku ya kawaida, hata hivyo gramu moja ina maelfu.
4. Usifukie. Mbegu hii inataka mwanga ili iote. Ikandamize kwa kiganja tu ishikamane na udongo.
5. Funika kwa plastiki angavu au kioo, weka mahali penye nyuzi joto 21 hadi 27 mchana. Zitaota baada ya siku 7 hadi 14. Chini ya nyuzi 18 huchukua muda mrefu na huota kwa mafungu.
6. Mimea ikichomoza tu, ondoa kifuniko na maji yatoke chini: simamisha trei kwenye beseni lenye maji ya sentimita 2 kwa robo saa, kisha iache ichuje.

Hatua ya 6 ndiyo inayookoa kitalu. Unyevu unaotuama juu pamoja na hewa isiyotembea huleta kinyaushi, ukungu unaokata shina usawa wa ardhi. Jioni miche imesimama, asubuhi imelala. Palipoanza, kijiko kichote miche hiyo na udongo wake, ukaushe trei kidogo, ufungue madirisha.

Mche ukiwa na majani 2 ya kweli, acha mmoja kila sentimita 3, au hamishia kila mmoja kwenye kikopo. Shika jani, usishike shina.

Kuhamishia bustanini

Mche uko tayari ukiwa na majani 5 au 6 na kimo cha sentimita 10 hadi 15. Kwa siku 7 hadi 10 kabla ya hapo utoe nje taratibu, saa 1 siku ya kwanza, ukiongeza hadi kutwa nzima, na upunguze maji. Mche uliotolewa ghafla kutoka dirishani hadi kwenye jua la jangwa hubabuka majani, yakawa meupe kama karatasi.

Panda jioni au siku ya mawingu. Chimba shimo, lijaze maji, yakinywewa weka mche hadi chini kidogo ya majani ya kwanza, kandamiza. Nafasi ni sentimita 30 hadi 45 kati ya mmea na mmea, 60 hadi 75 kati ya mistari. Zungushia kila shina mkanda wa karatasi ngumu wa kimo cha sentimita 8, uzame 3 ardhini, kuzuia sota wanaokata miche usiku. Kwa siku 4 za kwanza weka kivuli cha tawi upande wa magharibi.

Wapo wanaosia moja kwa moja bustanini udongo ukishapata joto. Inawezekana, na mahali palipoota rustica mwaka jana mara nyingi hujiotea yenyewe. Lakini miche ya namna hiyo huchelewa, na vimende wadogo warukao huitoboa matundu kama chujio ingali na majani mawili.

Maji

Wiki 2 za kwanza, kila siku ya pili. Baada ya hapo mara moja kwa wiki lakini maji mengi, lita 4 hadi 6 kwa mmea, yaende chini. Jani likilegea saa 8 mchana na kusimama tena magharibi, liache. Likiwa bado limelegea alfajiri ndipo lina kiu. Kuanzia wiki 2 kabla ya kuvuna punguza maji kwa nusu. Hapo ndipo jani hunenepa, hujaa utomvu, na ngozi yake huanza kukunjamana. Mwagilia chini, usilowanishe majani.

Wadudu na magonjwa

Nikotini haimtishi kiwavi mwenye pembe, Manduca sexta. Ni wa kijani, ana mistari 7 meupe ya mshazari ubavuni na pembe nyekundu mkiani, na akikomaa hufika sentimita 8. Mmoja humaliza mmea mdogo kwa siku chache. Tafuta kwanza kinyesi chake, vipande vyeusi vikubwa juu ya majani, kisha angalia jani la juu yake. Mtoe kwa mkono jioni. Ukiwa na tochi ya miale ya urujuanimno, anang'aa gizani. Ukimkuta amebeba vifuko vyeupe kama punje za mchele mgongoni, mwache alipo. Huyo ameshaliwa na nyigu wadogo, na nyigu hao watakufanyia kazi msimu mzima.

Vidukari hukaa chini ya majani machanga. Wapige kwa maji ya bomba asubuhi, au sabuni ya maji kijiko 1 cha chai kwa lita 1, jua likiwa limetua.

Batobato ya tumbaku ni kisa kingine. Jani hupata madoadoa ya kijani kibichi na kilichofifia, hukunjamana, mmea hudumaa. Hiki ndicho kirusi cha kwanza kabisa kutambuliwa na sayansi, mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo hakina dawa. Hubebwa na mikono, visu na nguo, na hata jani kavu la sigara ya dukani linaweza kuwa nacho. Anayevuta sigara anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Mmea ulioambukizwa ung'olewe na kuchomwa. Usiutie kwenye mboji.

Kukata vichwa

Siku 50 hadi 70 baada ya kuhamishia, vitumba vya maua hujitokeza. Mimea ya majani kata kichwa chote mara vitumba vinapoonekana, pamoja na majani madogo 2 au 3 yaliyo chini yake, ubakize majani 10 hadi 14. Ndani ya wiki moja machipukizi yatatoka kwenye kila kwapa la jani, na rustica ni mkaidi kwa hili kuliko tumbaku ya kawaida. Yavunje kila baada ya siku 5, yakiwa chini ya kidole. Ukiyaacha unapata kichaka cha majani membamba. Mimea miwili ya mbegu usiiguse kabisa.

Kuvuna

Wiki 3 hadi 5 baada ya kukata vichwa, majani ya chini huanza kuonyesha mabaka ya manjano, kingo hujikunja chini, na jani likikunjwa hupasuka kwa mlio. Vuna ya chini kwanza, 3 au 4 kila wiki. Au kata shina zima majani ya katikati yakiwa yamekomaa. Mahali pakavu, shina zima ni bora, sababu iko mbele.

Subiri umande ukauke. Nikotini huyeyuka kwenye maji na kupenya ngozi, na kwa rustica hili si la mzaha: kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kichwa kuuma saa chache baada ya kushika majani mabichi yenye unyevu. Vaa glavu za mpira, mikono mirefu, na suruali. Nguo zikilowa utomvu zivue, oga kwa sabuni. Dalili zikija, acha kazi, kaa penye hewa, kunywa maji. Kutapika kusipokoma au moyo ukienda mbio, nenda hospitali na useme umeshika tumbaku. Watoto na wajawazito wasishiriki.

Kukausha

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na kosa karibu siku zote ni haraka. Jani bichi ni maji kwa asilimia 80 hadi 90. Likiwa bado hai huendelea kula wanga wake na kuvunja kijani chake, na ndivyo linavyogeuka manjano kisha kahawia. Likikaushwa kabla ya hapo, kijani hufungiwa ndani na hakitoki tena; jani hunuka nyasi na moshi wake unachoma. Katika hewa ya jangwa, majani yaliyoanikwa moja moja juani hukauka kijani kwa siku 2.

Ukivuna jani moja moja: yaache kivulini saa chache yalegee yasivunjike. Yapange mafungu yasiyozidi kimo cha sentimita 30, funika kwa gunia lenye unyevu kidogo, siku 2 hadi 4. Geuza kila siku, ya ndani yaje nje. Tia mkono katikati. Ukihisi joto, tawanya mara moja, vinginevyo yataiva na kuwa meusi. Yakigeuka manjano sehemu kubwa, tunga kwenye uzi kwa kuchoma mshipa wa katikati, ukiacha sentimita 2 kati ya jani na jani, tundika kivulini penye upepo.

Ukikata shina zima: tundika kichwa chini, mashina yasigusane. Shina huendelea kuyapa majani maji kwa siku nyingi, hivyo yanageuka rangi yenyewe bila kufunikwa.

Unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 75 ndio unaofaa. Ukishuka sana, mwaga maji sakafuni asubuhi na funga upande mmoja wa banda. Ukipanda na hewa ikasimama, ukungu mweupe utaanzia kwenye mshipa mnene: achanisha majani, fungua kote. Lililoota ukungu litupe. Pwani na maeneo ya ziwa shida itakuwa hii ya pili, usianze na mafungu bali na nafasi pana.

Kazi huisha baada ya wiki 4 hadi 8. Kipimo ni mshipa wa katikati: ukivunjika kwa mlio tangu mwanzo hadi mwisho, jani limekauka. Ukipinda, bado, na ukilifungia hivyo litaoza. Jani likiwa limekauka hadi linasagika, lisubirishe siku ya mawingu, au lipulizie ukungu mwepesi wa maji, hadi likunjike bila kupasuka. Ndipo uliweke kwenye mtungi au chupa ya kioo, gizani. Fungua kila wiki kwa mwezi wa kwanza unuse. Harufu ya amonia kidogo ni ya kawaida na huisha, harufu ya uvundo si ya kawaida. Jani hukaa miezi 6 au zaidi kabla halijalainika. Kwa nguvu yake halifai kuvutwa mapafuni kama sigara, na halipunguzi madhara ya tumbaku hata chembe kwa kuwa limetoka bustanini.

Mbegu ya mwaka ujao

Rustica hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, ila nyuki huweza kuichanganya na rustica ya jina lingine iliyo jirani. Ukiwa na aina mbili, vika kichwa cha maua mfuko wa kitambaa chepesi kabla ua la kwanza halijafunguka, uuondoe maua yakishadondoka. Vifuko vya mbegu vikiwa kahawia na vikitikiswa vinalia, kata kichwa chote, kiinamishe ndani ya mfuko wa karatasi wiki 2, kisha pukuta na uchekeche. Hifadhi kwenye bahasha ndani ya chupa iliyofungwa, penye baridi na pakavu, iandikwe aina na mwaka. Zitaota vizuri kwa miaka 5 na zaidi. Usipoondoa vifuko vilivyobaki shambani, mwaka ujao utapalilia tumbaku kama magugu.

Mashina na mizizi yang'oe baada ya mavuno. Yenye afya yaingie kwenye mboji ambayo haitakwenda kwa nyanya wala pilipili, na yasiachwe mahali mbuzi, ng'ombe au kuku wanaweza kuyafikia.